Hesabu ya Mkono wa Nuksi

Kazi yangu mimi ni mayai. Siyauzi wala siyakaangi. Nayapanga kwenye mashine, nayangoja siku ishirini na moja, halafu natoa vifaranga. Nimeifanya kazi hiyo miaka sita katika kituo cha kuangulia vifaranga. Sijawahi kuchelewa, isipokuwa siku ile mama mkwe wangu alipotufungia ndani akaondoka na ufunguo.

Kila asubuhi nanawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Kisha naingia stoo. Ni chumba kirefu chenye dirisha moja dogo, na joto lake linakausha nguo. Mayai yamo humo, trei juu ya trei, kila trei mayai thelathini. Pembeni mwa trei imeandikwa tarehe kwa penseli, siku mayai yalipofika kutoka kwa wafugaji. Nachukua trei, nayapanga mayai kwenye mashine, ncha nyembamba chini. Halafu naandika kwenye daftari: tarehe ya trei, tarehe ya leo, na nani aliyepanga. Vifaranga wakishatoka, tunaandika idadi yao.

Tuliandika kwa sababu tuliambiwa tuandike. Daftari likijaa linafungwa, linaanzwa jingine. Hakuna aliyekuwa analisoma. Lile la zamani tulikuwa tunazuilia mlango.

Wapangaji wa mayai tulikuwa wawili, mimi na Mama Pacha. Mama Pacha ana maneno mengi na vicheko vingi zaidi. Siku moja umeme ulikatika mchana kutwa. Jenereta ilitosha mashine moja tu, nayo ilikuwa ya kwake. Yangu ikapoa, na vifaranga wakatoka wachache. Mama Pacha akatania kwamba nina mkono wa nuksi. Tukacheka wote, na mimi nikacheka. Laiti ningejua, utani ule ningeukata pale pale.

Utani ukaota mizizi. Meneja akausikia, akaufanya amri. Alisema mayai mapya yakiletwa, achague kwanza Mama Pacha mwenye mkono wa baraka, na mimi nichukue yatakayobaki. Basi ikawa hivyo. Asubuhi Mama Pacha anachukua trei za mbele, mimi nakusanya za nyuma. Vifaranga wangu wakazidi kupungua, na maneno yakazidi kuongezeka. Wanawake wa usafi wakawa wanaficha mikono nikitaka kuwasalimia. Wengine walifanya mzaha, wengine hawakufanya mzaha.

Wafugaji waliokuwa wakingoja vifaranga wakaanza kulalamika. Meneja akabanwa na wakubwa wake, akatafuta pa kutupia lawama. Wahenga walisema mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Jua lenyewe nikawa mimi.

Ijumaa moja aliniita ofisini. Mezani palikuwa na barua na kalamu. Nikaisoma. Ilisema, "Nakiri kwamba mayai yameharibika kwa uzembe wangu." Chini yake palikuwa na mstari wa kutia saini. Meneja akasema kwa upole kwamba nikisaini nitaondoka kimya kimya mwisho wa mwezi, bila fujo.

"Uzembe gani?" nikamuuliza.

"Matokeo yanaonekana."

"Sijauliza matokeo. Nimeuliza uzembe gani."

Akafungua daftari. Katika mayai thelathini, Mama Pacha anapata vifaranga ishirini na watano. Mimi napata kumi na saba. Akagonga ukurasa kwa kidole. "Namba hazisemi uongo, mama."

Namba zilikuwa kweli, na nyingine niliziandika mwenyewe. Lakini nilijua ninavyonawa mikono, na nilijua ninavyolishika yai. Nikairudisha kalamu mezani. "Sisaini," nikasema. Akanipa mpaka Jumatatu.

Nyumbani kwetu ni vyumba viwili. Cha mbele ndipo mama mkwe anaposhonea nguo za watu. Nilipoeleza yaliyonipata, mume wangu alishika kichwa. Yeye ni fundi baiskeli, mtu wa amani. Alisema, "Saini tu, mke wangu, yaishe."

"Yataisha kwako," nikamwambia. "Mimi nitaenda wapi na barua hiyo? Vituo vya vifaranga viko vitatu, na mameneja wote wanajuana. Nani atamchukua mtu aliyekiri kwa mkono wake mwenyewe?"

Mama mkwe hakuinua macho kwenye cherehani. Alisema polepole kwamba pengine nuksi ninayo kweli, maana tangu niolewe humu ndani sindano zake zinakatika ovyo.

Lile neno lilinichoma. Sikulimeza. "Mama," nikasema, "hilo limeniuma." Akakanyaga cherehani kwa nguvu.

Sasa, chumba kilichopakana na vyetu anakaa dada mmoja tunamwita Kalamu, kwa sababu huwa ameichomeka kalamu kwenye nywele, na mara nyingi anaitafuta mezani wakati iko kichwani. Anafanya kazi ofisi ya utafiti ya hospitali. Kazi yake ni takwimu. Watu wengi wanaugua, wengine wanapona na wengine hawaponi, na yeye hutafuta kwenye namba ni jambo gani linafuatana na jambo gani. Kuta zetu ni nyembamba, kwa hiyo habari zangu zote alikuwa nazo.

Jumamosi asubuhi alinisimamisha bombani. Akauliza kama daftari la zamani, lililojaa baada ya utani ule kuanza, bado lipo. Nikamwambia linazuia mlango. Akasema, "Liondoe mlangoni, ulilete. Lakini nikuonye kabisa. Nitaziuliza namba swali la kweli. Zinaweza kujibu kwamba mkono wako ndio wenye makosa. Zikisema hivyo, sitazifunika. Uko tayari?"

Niliogopa, sifichi. Lakini kama kuna mtu wa kuniambia mimi mbovu, na aniambie kwa hesabu, si kwa utani. "Niko tayari," nikasema.

Jumapili baada ya chakula cha mchana tulikaa kwenye meza ya mama mkwe. Yeye alijifanya ana kazi pembeni, lakini sikio lilikuwa kwetu. Kalamu alimwomba karatasi kubwa ya kukatia nguo na kopo la vifungo. Mama mkwe akavitoa kwa masharti kwamba vifungo vyote vihesabiwe na virudi.

Kalamu alipiga mstari mmoja chini ya karatasi na mwingine ubavuni. Chini akaandika siku, moja mpaka kumi na nne. Ubavuni akaandika vifaranga, sifuri mpaka thelathini. Akanieleza tutakavyofanya. Kila trei ni kifungo kimoja. Cheusi ni trei yangu, cheupe ni ya Mama Pacha. Nikiona trei, kwanza nitoe tarehe, siku iliyofika katika siku iliyopangwa. Jibu ndilo siku ambazo yai lilikaa stoo. Miaka sita tulikuwa tunaandika tarehe zote mbili, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kutoa moja katika nyingine.

Tulichukua trei hamsini. Kumi, tano zangu na tano za mwenzangu, Kalamu aliziokota bila kuchagua, akaziandika kwenye kipande cha karatasi, akakikunja na kukikalia. Alisema hizo ni za mtihani, zitangoja. Zile arobaini tukaziweka, kifungo baada ya kifungo. Kazi ilituchukua saa nzima.

Tulipomaliza, vifungo vyeupe vilijaa juu kushoto. Vyeusi karibu vyote vilikuwa chini kulia. Mama mkwe akaja kuchungulia. "Si nilisema?" akasema. "Vyeusi vyote viko chini."

"Mama, usitazame rangi kwanza," Kalamu akamjibu. "Tazama siku."

Akamwonyesha. Vifungo vyeupe vingi vilikaa kwenye siku ya pili, ya tatu, ya nne. Vyeusi vingi vilikaa kwenye siku ya tisa, ya kumi, ya kumi na mbili. Mayai yangu yalikuwa yamezeeka stoo kabla sijayagusa. Nikakumbuka amri ya Meneja, Mama Pacha achague kwanza na mimi nichukue yaliyobaki. Damu ikanipanda kichwani.

Kalamu akaomba uzi mwekundu. Akaushika huku, akanipa ncha nyingine, tukaunyoosha juu ya vifungo. Tukausogeza juu, tukaushusha, mpaka ukapita katikati yao. Vifungo vingine vilibaki juu ya uzi kidogo, vingine chini kidogo, lakini vyote viliufuata. Tukaubana kwa pini. Ulianza juu kushoto ukateremka kulia, kama kamba ya nguo iliyolegea upande mmoja.

"Huu uzi ndio tunaouita modeli," akasema. "Kwenye siku ya pili unasoma vifaranga ishirini na sita. Siku ya kumi na mbili unasoma kumi na sita. Maana yake, kila siku yai linayongoja, trei inapoteza kifaranga mmoja."

Mimi nikauliza uzi mmoja utajuaje habari za mayai yote, wakati kila yai lina lake. Kabla Kalamu hajafungua mdomo, mama mkwe akanijibu yeye. "Mimi nakupima kifua, kiuno na urefu. Vipimo vitatu. Vinanieleza wewe ni nani? Havinielezi. Lakini gauni linakukaa."

Kalamu akacheka, akasema hajawahi kusikia mwalimu akieleza vizuri hivyo. Akaongeza kwamba fundi mzuri huacha kitambaa cha ziada kwenye mshono, kwa sababu anajua kipimo si mwili. Modeli nayo huachiwa nafasi. Vifungo vyetu karibu vyote vilikuwa ndani ya vifaranga watatu, juu au chini ya uzi. Basi hatusemi ishirini na sita tukanyamaza. Tunasema ishirini na sita, zidi au pungua tatu. Mtu anayetoa namba moja bila nafasi, alisema, ni kama fundi anayeshona bila kuacha mshono. Ukipumua, gauni linapasuka.

Ndipo akainuka, akakitoa kile kikaratasi alichokuwa amekikalia. Alitusomea siku tu, akaficha vifaranga. Sisi tukasoma kwenye uzi, tukataja kiasi. Halafu akafunua jibu. Trei kumi, tisa ziliingia ndani ya nafasi yetu. Uzi haukujua ni za nani. Zilikuwemo trei zangu za siku ya tatu, wiki ambayo Mama Pacha aliuguza watoto, nazo zilitoa ishirini na watano. Zilikuwemo za Mama Pacha za siku ya kumi na moja, nazo zilitoa kumi na nane. Nyeusi na nyeupe zilifuata uzi ule ule.

Nikakaa chini. Machozi yalinitoka, na sikuyaonea haya. Kwa muda wote ule, nilikuwa na mimi nimeanza kuiangalia mikono yangu vibaya.

Nikataka niikunje karatasi nimpelekee Meneja kesho yake, mambo yaishe. Kalamu akanizuia. Alisema uzi unaonyesha vitu viwili vinavyotembea pamoja, lakini hauonyeshi nani anamvuta mwenzake. Labda tatizo si siku, labda ni nyuma ya stoo kwenye joto. Labda Mama Pacha anachagua mayai makubwa. "Mtafiti akifika hapo anajaribu," akasema. "Na wa kugawa mayai asiwe wewe, wala Meneja. Yagawanywe kwa kura."

Jumatatu nikaingia ofisini bila kubisha hodi mara ya pili. Barua ilikuwa pale pale, kalamu juu yake. Nikatandaza juu yake karatasi yangu, vifungo vikiwa vimeshonewa pale pale. Mama mkwe alivishona usiku mwenyewe, baada ya kununa sana kwamba vifungo vyake vimekwenda.

Meneja alitazama, akacheka puani. Alisema yeye haendeshi kituo kwa vifungo.

"Unakiendesha kwa utani," nikamwambia. "Afadhali vifungo."

Watu walikuwa wameanza kujaa mlangoni, na Mama Pacha alikuwa mbele yao. Nikasema yangu mbele ya wote. Zichukuliwe trei kumi na mbili: sita za siku mbili, sita za siku kumi na mbili. Zote zitolewe sehemu moja ya stoo, zipangwe mashine moja. Tupige kura, mimi na Mama Pacha, kila mmoja apate mpya tatu na za zamani tatu. Halafu nikaandika utabiri wangu ukutani kwa chaki. Mpya, ishirini na sita, zidi au pungua tatu. Za zamani, kumi na sita, zidi au pungua tatu. Niwe nimepanga mimi, awe amepanga yeye. Chini nikaongeza: moja au mbili zinaweza kutoka nje.

"Na ukikosea?" Meneja akauliza.

"Nikikosea, nitasaini barua yako hapa hapa, watu wote wakiona. Nisipokosea, barua unanipa mimi."

Aliridhika. Aliona amenipata bila jasho. Kura zikapigwa kwenye kofia ya mlinzi. Mama Pacha akanong'ona nikipita kwamba hakuwa na nia mbaya na ule utani. Nikamwambia najua, ila utani wake umenigharimu.

Siku ishirini na moja ni nyingi. Mume wangu hakusema tena nisaini. Asubuhi moja nilikuta aproni yangu imewekewa mfuko mdogo kifuani, wa kutosha penseli tu. Sikuuliza nani kaushona, na mama mkwe hakunieleza. Utabiri wangu ulikaa ukutani, na kila aliyepita aliusoma. Siku nyingine nilitamani niufute. Sikuufuta.

Siku ya kuhesabu tulisimama wote kuzunguka meza. Kalamu aliomba ruhusa kazini kwake akaja. Mlinzi ndiye aliyehesabu, kwa sauti.

Mpya zangu: ishirini na saba, ishirini na tano, ishirini na sita. Mpya za Mama Pacha: ishirini na nne, ishirini na sita, ishirini na nane. Chumba kikaanza kunong'ona. Zikaja za zamani. Zangu: kumi na tano, kumi na nane, kumi na nne. Za Mama Pacha: kumi na saba, kumi na sita, kumi na moja.

Meneja akarukia ile ya mwisho. "Kumi na moja. Uliandika kumi na sita, zidi au pungua tatu. Umekosea."

"Hiyo moja imetoka nje," nikasema. "Nimeandika ukutani kwamba itakuwepo. Lakini hebu mwulize mlinzi, hiyo trei ni ya nani?"

Mama Pacha aliitazama mikono yake, huku na huku. "Kumbe na mimi baraka sina," akasema. Watu wakaangua kicheko, na yeye akacheka kuliko wote.

Meneja akakohoa. Alisema basi, imeonekana, ni mayai tu, yasahaulike.

"Si mayai," nikamwambia. "Ni siku. Na aliyeamua nani apewe mayai ya siku ngapi, ni nani?"

Akawatazama watu. Hakuna aliyemsaidia kujibu. Nikanyoosha mkono, huu huu wa nuksi, akaniwekea barua juu yake.

Tangu siku hiyo trei iliyotangulia kuingia stoo ndiyo inayotangulia kutoka, na hakuna yai linalozidi siku tano humo. Wafugaji wanaleta kiasi ambacho mashine zitabeba. Mimi napata vifaranga ishirini na wanne kwa trei, Mama Pacha naye ishirini na wanne, mara anizidi, mara nimzidi. Kila Jumamosi tunaongeza nukta kwenye karatasi mpya. Nukta ikianguka mbali na uzi tunaitafutia sababu, hatuitafutii mtu. Mlango wa stoo sasa tunauzuia kwa tofali.

Na ile barua sikuichana. Mama mkwe aliniambia nisitupe karatasi nzuri. Niliigeuza, nyuma yake nikaandika kwa herufi kubwa: LILILOFIKA KWANZA LITOKE KWANZA. TOA TAREHE. Nikaibandika kwenye mlango wa stoo kwa gundi, upande wa kukiri ukiwa umegusa mbao. Kila anayeingia anausoma upande wangu. Ule mwingine bado una mstari wa saini, na mpaka leo hauna jina la mtu.